TUANZE NA MAJI, NDIPO TUJENGE KUTA
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Katibu alituomba tuseme machache juu ya kujenga nyumba nyumbani, hasa mambo ya bomba, bafu na choo. Tulimwuliza, "Kwa nini sisi? Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yetu ni ya njia: mataruma, kokoto na nyundo. Wako mafundi wenye vyeti." Akajibu, "Ninyi mmefanya makosa yote, kwa hiyo mnayajua." Basi tumekuja kueleza makosa yetu, ili mwenzetu asiyalipie mara ya pili. Na tunaposema "sisi", maana yake ni sisi na mama watoto, pamoja na mdogo wetu aliyebaki nyumbani kusimamia kazi.

Wengi wetu twajenga kwa njia moja. Tunalala katika nyumba za kupanga karibu na kazi, na mwisho wa mwezi tunatuma fedha nyumbani kwa simu. Mwezi huu matofali, mwezi ujao saruji, mwezi wa tatu ada ya shule imemeza kila kitu. Nyumba inapanda kama mtoto asiyeshiba. Nasi wa Kisii na Nyamira tuna shida ya ziada, kwa kuwa reli ilifika Kisumu mwaka 1901 lakini haikupanda vilima vyetu hata leo. Mtu wa reli akienda kwao huko humaliza safari kwa basi au matatu, na akifika amebakiwa na siku mbili tu za likizo. Ndani ya siku mbili ataamua mambo ambayo yatafunikwa na saruji kwa miaka 30. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa.

KOSA LA KWANZA: KUTA KABLA YA BOMBA

Sisi tulijenga kuta, tukaezeka mabati, tukapiga lipu, tukafurahi. Majirani walikuja kututazama. Ndipo mama watoto akauliza, "Na maji machafu ya bafu yatapita wapi?" Tulitazamana. Chumba cha bafu kilikuwepo kwenye ramani tuliyoichora katika daftari la mtoto, lakini bomba hatukulichora.

Ikabidi fundi achukue nyundo na patasi, avunje lipu ambayo haijamaliza hata mwezi, achimbe ukuta na kutoboa msingi. Fedha ya lipu ililipwa mara mbili. Msingi uliotobolewa ulitaka saruji mpya. Kama tungeweka kipande cha bomba la inchi 4 ndani ya msingi siku ile ulipomwagwa, gharama ingekuwa ya kipande hicho tu.

Kosa hili lilizaa jingine. Sakafu ya bafu ilimwagwa pamoja na sakafu ya nyumba nzima, sawa kabisa kama meza. Siku ya kwanza ya kuoga, maji hayakwenda kwenye tundu la kutolea, bali yalikwenda mlangoni, yakapita chini ya mlango, yakaingia sebuleni chini ya viti. Sisi tunaoshinda tukipima usawa wa reli kila siku tulisahau kupima sakafu ya bafu letu wenyewe! Ilituuma sana.

Ndugu zangu, sakafu ya bafu ishuke kuelekea kwenye tundu, na iwe chini kidogo kuliko sakafu ya chumba cha jirani. Bomba la maji machafu la inchi 4 nalo lina mlima wake. Mafundi wengi hutumia 1 kwa 40, yaani sentimita 2 na nusu kwa kila mita 1. Kwa garimoshi huo ni mlima mkali kweli kweli, lakini kwa maji machafu ndio mwendo mzuri. Likilala sawa, uchafu unakaa. Likiinama mno, maji huweza kukimbia yakaacha uchafu nyuma. Msikubali fundi akwambie, "Nimeona kwa macho." Mwombeni aweke pimamaji juu ya bomba nanyi mkiona.

KOSA LA PILI: TANGI CHINI

Kwetu mvua si haba. Nyanda za Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Paa letu ni mita 8 kwa 10, yaani mita za mraba 80. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni ya mchana mmoja tu, hutupa karibu lita 800, tukiondoa kidogo kinachoruka nje ya mfereji wa paa. Twakusanya maji haya, tena hayana bili.

Tulinunua tangi la lita 2,300, tukaliweka juu ya matofali matatu kando ya nyumba. Siku ya kufungua maji ya bafu, yalitoka kama machozi ya mtu asiyetaka kulia. Kile kichwa cha kuchemsha maji kwa umeme hakikuwaka kabisa, kwa sababu chataka msukumo ndipo kiwake.

Wazee waliofanya kazi enzi za injini za moshi wangetucheka. Walikuwa wakiona matangi ya maji stesheni yamesimama juu ya miguu mirefu, ili maji yashuke kwa nguvu kwenye injini. Maji yakiwa juu ya bomba kwa mita 10, yanasukuma kwa nguvu ya kama kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Yakiwa juu kwa mita 1, nguvu ni sehemu moja ya kumi tu. Kwa hiyo tangi la kutumia lazima lipande juu.

Lakini angalieni uzito! Lita 1 ya maji ni kilo 1. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na mbao za paa hazikuwekwa kubeba tani. Sisi tulijenga mnara mdogo wa nguzo za zege, tukapandisha tangi dogo juu, na lile kubwa likabaki chini kupokea mvua. Asubuhi tunapampu maji kutoka la chini kwenda la juu. Umeme ukikatika, maji ya juu yatosha siku mbili tukiyatumia kwa busara.

Hesabuni pia choo cha kuvuta maji kabla ya kukinunua. Watu 6, kila mtu mara 5 kwa siku, lita 6 kila mara, ni lita 180. Tangi la lita 2,300 litaisha kwa siku 12 au 13 kwa choo peke yake, kabla hamjapika wala kufua. Januari na Februari mvua inapopungua mtalikumbuka neno hili. Ndiyo sababu hatukubomoa choo chetu cha shimo cha zamani.

KOSA LA TATU: KUFUNIKA KABLA YA KUPIMA

Mabomba ya siku hizi ni ya plastiki. Yako yanayounganishwa kwa gundi, na yako yanayounganishwa kwa kuyeyushwa na chuma cha moto cha umeme. Haya ya moto ni imara sana, lakini siku fundi alipokuja umeme ulikatika mchana kutwa. Sisi likizo ilikuwa inaisha kesho yake. Tulimhimiza, "Fundi, fanya upesi, funika, sisi tunaondoka." Umeme uliporudi jioni akayeyusha maungio kwa taa ya mkononi, na asubuhi akayafunika kwa saruji.

Baada ya wiki tatu mdogo wetu akapiga simu. Ukuta wa chumba cha kulala umelowa. Tulikasirika, tukamwita fundi mwizi. Hapo, ndugu zangu, tuliona aibu baadaye. Je, sisi hatujapata kuhimizwa na mkubwa wa kazi tufungue njia kabla hatujamaliza kukagua? Tukihimizwa hivyo tunalalamika, tena chama chetu kinatutetea, kwa kuwa roho za watu zimo ndani ya lile garimoshi. Basi kwa nini mfanyakazi wa reli, akipata nyumba ya kujenga, anakuwa nyapara mbaya kuliko wale anaowalalamikia?

Tulimlipa fundi kazi ya kubomoa na kurudia, kwa sababu kosa la haraka lilikuwa letu. Mara hii tulifanya kama inavyotakiwa. Maungio yote yalifungwa, koki zikafungwa, maji yakajazwa na kuachwa usiku kucha. Asubuhi tulipita na taa tukigusa kila ungio kwa karatasi kavu. Karatasi mbili zililowa. Yakatengenezwa, yakapimwa tena, ndipo saruji. Usiku mmoja wa kungoja ni rahisi kuliko ukuta mzima.

Neno jingine dogo, lakini lenye harufu kubwa. Chini ya sinki na chini ya tundu la bafu lazima pawe na bomba lililopinda, linalobaki na maji kidogo ndani yake. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu ya shimoni isirudi nyumbani. La bafu letu lilisahauliwa, na wageni walidhani panya amefia ndani. Vilevile lazima liwepo bomba la kupumulia, lipande mpaka juu ya paa.

KOSA LA NNE, LILILO KUBWA

Hayo matatu yalituumiza mfukoni. Hili la nne lingeweza kuua watu.

Kwetu Nyamira, kama Kisii, watu ni wengi na ardhi ni kidogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Shamba la babu limegawanywa kwa baba na ndugu zake, kisha kwetu na ndugu zetu, mpaka limekuwa utepe mwembamba unaoshuka kutoka barabarani juu mpaka bondeni. Na huko bondeni ndiko iliko chemchemi. Watu wa nyumba nyingi huteka maji hapo.

Maji ya choo cha ndani huenda kwenye tangi la chini ya ardhi lenye vyumba viwili. Uchafu mzito hutulia chini katika chumba cha kwanza, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hupita chumba cha pili, kisha hutoka kwenda shimo la mawe ambapo udongo huyanywa. Watu wengi hudhani maji yanayotoka huko yamekuwa safi. Siyo. Yamepungua uchafu tu. Vijidudu vya ugonjwa vimo tele, na udongo ndio unaopaswa kuvimaliza polepole.

Sisi tulichimba shimo letu upande wa chini wa nyumba, kwa kuwa huko bomba linashuka lenyewe. Hatukutazama mbele zaidi. Kutoka shimo mpaka chemchemi zilikuwa hatua 20 za mtu mzima, zote za mteremko.

Krismasi tulikuja wote, na wageni wengi, na choo kipya kikafanya kazi usiku na mchana. Tulijivuna. Baada ya mwaka mpya alikuja mama mmoja mzee wa jirani, omong'ina tunayemheshimu tangu utotoni. Hakuingia ndani. Alisimama uani na mtungi wake mtupu.

"Mwanangu," alisema, "nyumba yako ni nzuri."

"Asante, mama. Karibu uketi."

"Sitaketi. Nimekuja kuuliza neno moja. Maji ya choo chako yanakwenda wapi?"

Tulimwonyesha shimo. Alilitazama, kisha akatazama chini bondeni, akanyamaza.

"Wajukuu wangu wawili wanaendesha tangu juzi," alisema. "Sisemi ni wewe. Lakini chemchemi ile ilikuwapo kabla yako na kabla ya baba yako. Mimi sina tangi. Nina ile tu."

Ndugu zangu, hatukuwa na la kujibu. Tulimwita bwana afya. Alipima kwa hatua, akatikisa kichwa. Alisema shimo kama hilo litakiwe kuwa mbali na maji ya kunywa, angalau mita 30, na lisiwe upande wa juu wa chemchemi, kwa kuwa maji ya chini ya ardhi hushuka kama yale ya juu. Akaagiza choo kifungwe siku ile ile, na nyumba zote zichemshe maji ya kunywa. Je, watoto wale waliugua kwa sababu yetu? Hakuna aliyepima. Lakini hatukutaka kungoja mtoto wa tatu ndipo tuamini.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1854, katika mji wa London, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 kwa wiki chache katika mtaa wa Broad Street na jirani zake. Daktari John Snow alionyesha kwamba wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja, na mpini wa pampu ile ukaondolewa. Baadaye ilionekana kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivujia ndani ya kisima kile. Kama jambo hili liliweza kutokea katika mji mkubwa wa Uingereza, litashindwaje kutokea kwenye utepe wa shamba letu?

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Sisi wa chama twapenda kutaja haki zetu mbele ya waajiri. Lakini haki hiyo ni ya yule omong'ina pia, na aliyekuwa akimnyang'anya hakuwa mwajiri, bali mfanyakazi mwenye kadi ya chama.

TULIVYOREKEBISHA

Kwenye utepe wetu hapakuwa na mahali pengine. Tulikwenda kwa kaka yetu, ambaye shamba lake liko upande wa pili wa kilima, mteremko usioelekea chemchemi. Tulikaa mbele ya baba, tukasema wazi kosa letu. Kaka naye alikuwa akitaka kujenga choo cha ndani. Tukakubaliana tangi moja la nyumba mbili, chini ya migomba yake, gharama nusu kwa nusu. Bomba letu lilizungushwa nyuma ya nyumba, kwa mlima ule ule wa 1 kwa 40, na kila panapopinda tumeweka shimo dogo lenye kifuniko ili fundi aweze kuzibua. Shimo la zamani lilinyonywa, likatiwa chokaa, likafukiwa. Tulikopa katika chama cha akiba na mikopo, na hata sasa tunakatwa kila mwezi. Hatulalamiki.

Baba alituongezea neno. Kwetu iko desturi ya ensoni, yaani heshima na haya kati ya mzazi na mwanawe aliyeoa pamoja na mkewe. Baba hawezi kupita sebuleni kwa mwanawe akaingia bafu anamooga mkaza mwana. Alisema, "Ninyi vijana mnanunua vyoo vyeupe kwa wageni, na baba yenu mnamwacha nje." Kweli tulikuwa hatukumfikiria. Tulimjengea chake kwenye boma lake, chenye sakafu ya saruji, kiti cha kukalia kwa ajili ya magoti yake, na mlango unaofungwa kwa ndani. Ramani iliyotoka katika gazeti haijui mambo haya. Waulizeni wazee wenu kabla ya kuchora.

MANENO YA MWISHO

Ndugu wanachama, anayetaka kujenga akumbuke haya:

1. Kabla ya msingi, simama juu ya shamba lako ujiulize maji safi yatatoka wapi, na machafu yatakwenda wapi. Tazama mpaka kwa jirani wa chini.
2. Weka mabomba ya kutoa maji ndani ya msingi kabla ya kumwaga zege.
3. Tangi liwe juu, na kinachokibeba kihesabiwe kwa tani.
4. Pima maji usiku mzima kabla ya kufunika.
5. Tafuta fundi aliyefaulu mtihani wa ufundi, umlipe haki yake, na usimhimize kama unavyochukia kuhimizwa.

Tena twatoa shauri kwa tawi. Tuko wengi tunaojenga pande za Kisii, Nyamira mpaka Keroka. Kwa nini kila mmoja anunue bomba lake peke yake kwa bei ya rejareja, na kila mmoja akodi chuma cha kuyeyushia? Tukiagiza pamoja tutapunguziwa. Tukinunua chuma kimoja cha tawi kitazunguka kwa zamu. Na mwanachama akienda likizo, apite kwa mwenzake atazame kazi kabla haijafunikwa, maana jicho la mwenye kuhesabu fedha zake huwa na haraka.

Mwaka huu tulipokwenda nyumbani, tulimkuta omong'ina njiani na mtungi wake, umejaa. Tulitaka kumbebea. Alikataa, akasema, "Mwanangu, mtungi wa maji mazuri hauna uzito." Tulipita tukiwa na furaha kuliko siku ile tuliyofungua bafu.

Mwenye swali na aulize.